Johann Ludwig Krapf na Jina la Kinyika: Kutoka Kamusi hadi Msimbo wa Kompyuta

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Wanafunzi wengi wa Kiswahili humfahamu kwa kamusi yake, na pia kwa kuwa Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, yaani kama mtu aliyeyatia majina ya lugha zetu katika maandishi. Mojawapo ya majina hayo bado limejificha ndani ya programu za kompyuta tunazozitumia.

Baada ya masomo ya umisionari mjini Basel na miaka kadhaa ya kazi Ethiopia, Krapf alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Seyyid Said alimwandikia barua ya kumtambulisha, naye akahamia Mombasa mwaka huo huo. Mwezi wa Julai ukawa mwezi wa msiba: alimzika mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Hata hivyo hakuacha kujifunza Kiswahili, wala kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo aliyoifanya kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Inasikitisha kwamba wanahistoria wa kamusi humtaja kadhi huyo kwa pumzi moja tu na kupita, ilhali hapana shaka kuwa bila wenyeji wa namna yake kamusi isingekuwapo.

Mwaka 1846 aliungana na Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo huko Rabai. Hapo ndipo suala la jina linapoanza. Watu wa mji wa Mombasa waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani watu wa nyika. Lilikuwa jina la kupewa na wengine, tena lenye dharau ndani yake. Wahusika wenyewe walikuwa na majina yao: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Krapf alilichukua jina la mjini kama lilivyo, akaliandika Wanika, na lugha akaiita Kinika. Mwaka 1848 kitabu chake cha kujifunzia kusoma Kinika kilichapishwa Bombay. Mwaka 1850 ikafuata orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Kinika kikawa mojawapo.

Si kwamba Krapf hakujua kuwa watu hao walikuwa wengi. Katika safari yake ya mwaka 1848 ya kwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri, alipita katika nchi ya Wadigo, ambayo kwa sehemu kubwa leo ni Kaunti ya Kwale. Mwaka 1850 alisafiri kwa chombo pamoja na Johannes Erhardt, wakaifuata pwani ya kusini hadi Rasi ya Delgado. Aliwaona watu na akawataja. Kilichomshinda, kwa maoni yetu, ni kanuni ya kutaja. Lebo moja ilibeba mambo matatu kwa wakati mmoja: aina ya ardhi, kundi la watu na lugha zao. Mdigo wa Msambweni na Mrabai wa Rabai wakawekwa chini ya kichwa kimoja cha habari, na ile Kinika ya vitabuni kwa kiasi kikubwa ilikuwa Kirabai.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853, akarudi kwa muda mfupi mwaka 1862, na kufariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyojengwa zaidi juu ya Kimvita, ilitoka London mwaka 1882, naye hakuiona. Kamusi ya Kinika aliyoiandaa pamoja na Rebmann ilichapishwa mwaka 1887.

Katika miaka ya 1940 wenyewe walijichagulia jina Mijikenda, yaani miji tisa, na jina Wanyika likaanza kutoweka vinywani. Lakini halikutoweka kila mahali. Kompyuta haizijui lugha kwa majina yake. Huzijua kwa misimbo mifupi ya herufi ambayo huandikwa ndani kabisa ya programu, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki. Kiswahili ni sw, na mifumo mingi hutofautisha sw_KE ya Kenya na sw_TZ ya Tanzania. Katika kiwango cha kimataifa cha herufi tatu kilichotolewa mwaka 2007, Chidigo ni dig na Kiduruma ni dug. Kigiriama je? Ni nyf. Msomaji atafute herufi hizo katika neno Giriama, hatazipata. Atazipata mbili za mwanzo katika neno Nyika. Isitoshe, zipo lugha nyingine ziitwazo Nyika, zenye misimbo nkt kwa ile ya Tanzania na nkv kwa ile ya Malawi na Zambia. Anayeandika programu kwa kukisia msimbo kutokana na jina yumo hatarini kuipeleka tafsiri ya Kigiriama kwa watu wengine kabisa.

Watunzaji wa kiwango hicho hujitetea kuwa msimbo si kifupisho bali ni alama tu, na kwamba haubadilishwi kwa sababu jina la lugha limebadilika, kwani data nyingi zilizokwisha kuhifadhiwa zingeharibika. Hoja hiyo ina uzito. Hata dig si ya Wadigo peke yao: ni jina pia la programu inayotumiwa na mafundi kuulizia majina ya mitambo katika intaneti, na hakuna anayechanganyikiwa maadamu kila moja hukaa mahali pake. Tatizo huja pale msimbo unaposomwa na binadamu. Kivumba na Chifundi, lahaja za pwani ya Vanga na visiwa vyake ambazo H. E. Lambert aliziandikia vitabu mwaka 1957 na 1958, hazina hata msimbo wa kulalamikia. Zimefunikwa na swh ya Kiswahili.

Chidigo kimepiga hatua. Tangu mwaka 2004 kina kamusi ya Mgombato, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, ambamo lugha inaitwa kwa jina ambalo wenyewe huliita. Kijana wa Diani anayetaka kutengeneza programu kwa lugha ya mamake anaweza kuandika dig juu ya faili lake. Mwenzake wa Malindi, kwa programu ya Kigiriama, ataandika nyf.