Shaaban Robert, karani wa forodha aliyekosa soko

SHAABAN Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Kwa miaka 18 aliandika mali za wengine: nini kimeingia, kinadaiwa ushuru kiasi gani. Mali yake mwenyewe, yaani maandishi, hakuwa na uwezo wa kuipangia bei.

Sisi tulifundishwa kumsoma kama mshairi wa maadili. Miaka ya 1970 wahakiki wa Dar es Salaam wakampima kwa mizani ya matabaka. Baadaye wametokea wasomi, hasa Marekani, wanaohakiki fasihi kwa uchumi wa soko huria: mwandishi ni mzalishaji, msomaji ni mteja, na kitabu kinachonunuliwa ndicho kinachohitajika. Nimeijaribu mizani hiyo kwa hayati Shaaban, na kwa sehemu inasema kweli.

Pambo la Lugha kilichapishwa Johannesburg mwaka 1947. Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) vilitolewa na kampuni za Uingereza. Mtu wa Tanga anawaandikia Waswahili, lakini anayeamua kitabu kitoke au kisitoke yuko ng'ambo, na mnunuzi anayetegemewa ni shule za mkoloni. Hilo hata wenye soko huria hawawezi kuliita soko huria. Heshima alipata, nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong, lakini aliendelea na ukarani, mara idara ya wanyamapori, mara ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika, alichokiandika 1946, kilitoka 1967. Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akashika jembe, kilitoka 1968. Mswada ulisubiri miaka 21, na mwenyewe hakuuona ukiwa kitabu!

Mizani hiyo inapokosea ni katika kuhesabu wasomaji. Huko Mishamo, Tanzania, tulikosomea sisi watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, darasa zima lilisoma Adili na Nduguze kwa nakala moja isiyo na jalada. Mwalimu alisoma, sisi tukanakili. Kwa hesabu ya mchapishaji, wote tulikuwa mteja mmoja.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Lakini sokoni hapa Bugendana nimeona maharage, ndizi, mitumba na sabuni. Kitabu cha Kiswahili sijakiona. Mchumi atasema hakuna anayekihitaji. Mimi nina Kusadikika moja niliyorudi nayo kutoka Tanzania. Wiki hii iko kwa binti wa darasa la tisa, na wenzake wawili wameshaniuliza ataimaliza lini.