Vavilov: Mkusanya mbegu aliyekufa kwa njaa

MWAKA 1927 Mrusi mmoja mwenye masharubu na kofia aliondoka Addis Ababa na msafara wa nyumbu kuelekea kaskazini. Hakutafuta dhahabu wala pembe za ndovu. Kila alipopita shamba alisimama, akachuma masuke ya ngano na shayiri, akayafunga na kuandika mahali yalipotoka.

Huyo ndiye Nikolai Vavilov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1887. Baba yake, mtoto wa mkulima, alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyetajirika. Baada ya mapinduzi ya 1917 mzee huyo alikimbilia Bulgaria, akarejea nyumbani mwaka 1928 na kufariki muda mfupi baadaye. Mwanawe alibaki. Mwaka huohuo wa 1917 aliteuliwa kuwa profesa mjini Saratov, kando ya mto Volga, eneo ambalo miaka michache baadaye lilikumbwa na njaa kali.

Nchini Ethiopia, ambako alipokewa na Ras Tafari, aliyekuja kuitwa Haile Selassie, Vavilov alishangazwa na ngano. Katika shamba moja aliona masuke yenye ndevu na yasiyo nazo, punje nyeupe, nyekundu, hata za zambarau. Kwake hayo hayakuwa mapambo. Tofauti za nje zilikuwa dalili ya tofauti za urithi ndani ya mbegu: moja huvumilia ukame, nyingine hustahimili ugonjwa wa kutu, nyingine hukomaa mapema.

Anayevusha maharage mpakani ataelewa haraka. Gunia la mchanganyiko lina ya njano, mekundu, meusi na yenye madoa. Wakulima wengi wa Rwanda na Burundi huyapanda pamoja kwa makusudi, kwani ugonjwa ukiua aina moja, nyingine hubaki na chungu hakikosi kitu.

Vavilov aliamini kuwa zao lina asili pale lilipo na aina nyingi zaidi. Hapo alipitiliza kidogo, maana ngano ya Ethiopia ilitoka Mashariki ya Kati. Hata hivyo, kwa tufaha alilenga vizuri. Mwaka 1929, karibu na mji wa Almaty, aliona misitu ya matufaha mwitu ya kila ukubwa na rangi, akasema zao hilo lilianzia huko. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miongo mingi baadaye ulimuunga mkono.

Alikwenda pia Afghanistan, China, Japani na Amerika ya Kusini. Mbegu zote zilitumwa katika taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad.

Lakini Stalin alitaka mavuno ya haraka. Trofim Lysenko, aliyepinga sayansi ya urithi na kudai kwamba mmea hubadilishwa na mazingira, alimwahidi hayo. Vavilov alimpinga hadharani. Agosti 6, 1940, akiwa anakusanya mimea magharibi mwa Ukraine, alikamatwa. Alishtakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo, na Julai 1941 akahukumiwa kifo. Adhabu hiyo ilipunguzwa mwaka 1942 kuwa kifungo cha miaka 20.

Wakati huo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameizingira Leningrad tangu Septemba 1941, na watu walikufa kwa njaa barabarani. Ndani ya taasisi, wasaidizi wake walilinda magunia ya mpunga, ngano na karanga bila kuyala. Kadhaa walifariki. Mmoja wao, mtaalamu wa mpunga Dmitri Ivanov, alikufa huku maelfu ya pakiti za mpunga zikiwa zimemzunguka.

Vavilov mwenyewe alihamishiwa gereza la Saratov, mji uleule alikoanzia uprofesa. Mkewe Yelena Barulina, mtaalamu wa dengu, aliishi mjini humo kama mkimbizi wa vita. Hakuambiwa mumewe yuko wapi, akawa anatuma vifurushi vya chakula Moscow. Januari 26, 1943, Vavilov alifariki gerezani kwa kukosa chakula, akiwa na umri wa miaka 55. Serikali ilimfutia hatia mwaka 1955.