Kinjikitile na daftari la pamba

WATANZANIA wengi humfahamu Kinjikitile Ngwale kutokana na somo la historia, au tamthiliya ya Ebrahim Hussein. Humkumbuka kwa maji yaliyosemekana kuzigeuza risasi za Wajerumani. Kisichozungumzwa sana ni hesabu za pamba zilizowafanya watu wa Rufiji na Umatumbi wawe tayari kumsikiliza.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Kwenye karatasi mgawanyo ulipendeza: theluthi ya mapato kwa wafanyakazi, theluthi kwa jumbe na theluthi kwa mfuko wa wilaya, uliokuwa chini ya bwana shauri.

Mhasibu yeyote angeiona kasoro. Waliosimamia kazi ndio hao hao waliogawana theluthi mbili. Mapato yalikokotolewa kwa shamba zima, hivyo mtu hakuweza kufuatisha siku zake za jembe hadi kwenye senti alizolipwa. Na gharama kubwa kuliko zote haikuwa na nafasi katika daftari: siku ambazo mkulima aliliacha shamba lake mwenyewe. Kwa watu wa bonde la Rufiji hiyo ni pamoja na mlau, kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua. Mlau haumsubiri mtu.

Katika wilaya ya Dar es Salaam, ambako mpango ulianzia, malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa kama senti 35 kwa mtu. Haikufika hata rupia moja, wakati kodi ya kibanda ilikuwa rupia tatu. Wako waliokataa kuzipokea. Hiyo ilikuwa taarifa kamili ya fedha, kama kungekuwa na mtu serikalini wa kuisoma. Mpango ukaendelea.

Kinjikitile aliishi Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji. Habari zake za kabla ya mwaka 1904 ni chache. Mwaka huo, wazee walisimulia, pepo aitwaye Hongo alimchukua akazama katika kidimbwi cha mto. Ndugu zake wakamtafuta bila kumpata, na kesho yake akatoka akiwa mzima, nguo zake kavu. Akaanza kutoa dawa ya maji na kuwaambia watu kuwa wao ni wamoja. Makundi yalimiminika Ngarambe kutoka mbali, watu wa makabila ambayo hayakuwa na chifu mmoja. Aliwaagiza wajiandae, lakini wasubiri neno lake.

Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, wakati wa kuchuma pamba, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche shambani. Kuing'oa ilikuwa kutangaza vita. Kinjikitile alikamatwa na kupelekwa Mohoro, kituo cha serikali karibu na delta, akanyongwa Agosti 4, 1905 pamoja na msaidizi wake. Vita ikaenea kusini yote. Wajerumani walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria zaidi ya 250,000, wengi wao kwa njaa baada ya mazao na maghala kuchomwa.

Gavana aliyefuata, Albrecht von Rechenberg, aliegemea zaidi kilimo cha mwananchi katika shamba lake mwenyewe. Pamba haikutoweka Rufiji. Ililimwa pia enzi za Waingereza, safari hii familia ikijua magunia yake ni mangapi.

Leo msafiri anayetoka Kibiti huvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na baada ya muda si mrefu hupita Mohoro. Huko Kibiti, mkulima anayepeleka korosho kwenye chama cha msingi hungoja stakabadhi yake, akaisoma kilo kabla ya kuikunja na kuitia mfukoni.