Sheikh Mbaruk bin Rashid: Mrithi wa Ngome Aliyefia Ugenini

Mtu akitoka Shimanzi, penye maghala na matangi ya mafuta, akakata kisiwa kuelekea mashariki mpaka ukingoni mwa Mji wa Kale, hujikuta amesimama mbele ya Ngome. Hapo huwakuta wanafunzi wamepanga mstari pamoja na walimu wao, na wageni wenye kamera shingoni. Wengi wao huulizia habari za Mreno. Wachache huulizia habari za waliofungwa humo. Na katika hao wachache, ni nadra kumpata mwenye kumuulizia Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, ambaye maisha yake, tangu utotoni hadi kaburini, yalifungamana na kuta hizo.

Wazee wetu wakiiita ngome hiyo Gereza. Wajuzi wa lugha wasema kuwa neno hilo tulilipokea kutoka kwa Wareno, na kwao maana yake ni kanisa. Sisi tukalifanya ni boma la askari, kisha likawa ni mahali pa kumfungia mtu. Basi neno moja limebeba historia nzima ya jengo lile.

Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliitwaa mwezi wa Disemba 1698, baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Haikupita miaka mingi ila uliwali wa Mombasa ukaangukia mikononi mwa Mazrui. Muhammad bin Uthman alipokataa kumtii mtawala mpya wa Omani, aliuawa humo Ngomeni, na nduguye Ali bin Uthman akatiwa kifungoni humo humo. Ali alitoroka, akarudi na watu wake, akaitwaa Ngome. Tangu hapo Mazrui waliitawala Mombasa kwa takriban miaka tisini, wakishirikiana na Mataifa Kumi na Mawili ya mji huu. Mwaka 1824, walipohofia nguvu za Seyyid Said, hata bendera ya Kiingereza waliipandisha juu ya Ngome wapate kinga. Kinga hiyo haikudumu. Kufikia mwaka 1826 Mwingereza alikuwa amekwisha kuondoka zake.

Mwisho wa utawala wao ulikuja mwaka 1837. Rashid bin Salim, aliyekuwa mkubwa wa Mazrui, alikuwa amekwisha kupatana na Seyyid Said. Kisha Khalid, mwana wa Seyyid, alifika Mombasa, na masheikh wa Mazrui wakaalikwa barazani Ngomeni. Waliingia kama wageni walioitwa kwa heshima. Walitoka wamefungwa, wakapakiwa jahazini. Walikuwa zaidi ya ishirini, na Rashid alikuwa miongoni mwao. Walipelekwa Bandar Abbas katika nchi ya Uajemi, na wengi wao hawakuonekana tena.

Mbaruk alikuwa mwana wa Rashid huyo, na wakati huo alikuwa bado mdogo. Waliosalia katika ukoo walikimbia, baadhi yao wakenda Takaungu kaskazini, na wengine Gasi kusini. Mbaruk alikulia upande wa Gasi. Tukitaka kumfahamu mtu huyu, hatuna budi kuanzia hapo. Alilelewa na watu waliokwisha kuona kwa macho yao jinsi mwaliko ulivyogeuka pingu.

Alipokuwa mtu mzima na kushika usheikh wa Gasi, Mbaruk hakutulia chini ya utawala wa Unguja. Alipigana na Seyyid Majid, akapigana na Seyyid Barghash. Kila aliposhindwa nguvu pwani, alipanda milimani akajifungia Mwele, boma lake lililozungukwa na msitu. Mwaka 1882 alizingirwa huko na jeshi la Barghash lililoongozwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia Seyyid. Boma lilianguka, Mbaruk akaponyoka. Muda si muda alikuwa amerudi Gasi. Huo ndio uliokuwa mtindo wake: kupigana, kukimbia, kupatana, kisha kungoja.

Haki haijui upendeleo, na mwenye kuandika sira ya mtu hana budi kuandika pande zote mbili. Mashamba ya Gasi na ya Takaungu yalilimwa na watumwa. Vita vya Mbaruk viliwaunguza Wadigo na Waduruma waliokuwa hawana ugomvi wowote na Unguja. Wako leo katika pwani yetu watu ambao mababu zao walikuwa mali mikononi mwa masheikh hao, kwani utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Mtu hawezi kuililia dhulma aliyotendewa babake Mbaruk, kisha akaifumbia macho dhulma waliyotendewa wale waliomlimia Mbaruk mwenyewe.

Jaribio kubwa la maisha yake lilimjia uzeeni. Mwanzoni mwa mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, sheikh wa Takaungu. Kwa desturi ya ukoo, aliyestahiki kumrithi ni mkubwa wao, ambaye naye jina lake lilikuwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na sheikh wa Gasi. Lakini Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilimpendelea Rashid, mwana wa marehemu. Mbaruk wa Takaungu alikataa, akapigwa, akakimbilia Gasi kuomba hifadhi kwa jamaa yake.

Sheikh Mbaruk wa Gasi alikuwa mzee. Alikuwa amepatana na Wazungu, na angeweza kumaliza siku zake kwa amani lau angalimtoa mgeni wake. Serikali ilimtaka amtoe. Hakumtoa. Wako waliosema ni ukaidi wa mtu aliyezoea vita, na wako waliosema ni tamaa ya kurejesha ufalme wa ukoo. Huenda yote yamo. Lakini babake mtu huyu alishikwa akiwa mgeni barazani. Si ajabu mwana akaona vigumu kumtoa mgeni mlangoni mwake.

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii. Tarehe 17 Agosti, Admirali Rawson aliiteka Mwele kwa mabaharia na askari wa Kisudani na wa Unguja. Safari hii vita havikwisha kwa kuanguka boma. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa aliingia upande wa Mazrui, na moto ukaenea kutoka Vanga hadi Malindi. Ilibidi jeshi liletwe kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896, Mbaruk alivuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa Wadachi. Alipewa makazi Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910, mbali na makaburi ya wazee wake yaliyoko hapa Mji wa Kale, karibu na Ngome.

Sasa mtazame, msomaji, mwaka ule wa 1895. Mwaka ule ule Mbaruk aliposhika silaha mara ya mwisho, Mwingereza aliigeuza Ngome kuwa jela ya serikali. Bendera nyekundu ya Seyyid iliendelea kupepea juu yake mpaka mwaka 1963, lakini funguo zilikuwa mkononi mwa mwingine. Mahali ambapo Mazrui walihukumu watu, ambapo Ali bin Uthman alitoroka, na ambapo Rashid bin Salim alitegwa, pakajengwa vyumba vya wafungwa, na pakabaki hivyo kwa miaka zaidi ya sitini.

Jela ilihamishwa mwaka 1958. Kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian na kwa kazi ya mchimbaji wa mambo ya kale James Kirkman, majengo ya jela yaliondolewa, kuta za zamani zikafichuliwa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 2011 Ngome iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni jambo la kushukuru. Lakini jela ilipobomolewa, alama nyingi za waliofungwa humo ziliondoka pamoja na mawe yake. Zilizobaki sasa ni hadithi, na hadithi haina ukuta wa kuilinda ila ndimi zetu.

Basi mzazi atakayempeleka mwanawe Ngomeni, asiishie kwenye mizinga ya Mreno. Amwoneshe lango, amwambie kuwa hapo waliingia watu kwa mwaliko, wakatoka kwa pingu. Amwambie habari za mzee wa Gasi aliyekataa kumtoa mgeni wake, na amwambie pia habari za waliolima mashamba yake bila ya ujira. Dini yetu imetuamuru kutimiza ahadi na kutoa ushahidi kwa uadilifu, hata kama ni juu ya nafsi zetu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliofungwa na waliofukuzwa, na wale ambao majina yao hayakuandikwa na mtu.