Robert Koch: Daktari aliyefichua kiini cha kifua kikuu lakini tiba ikamponyoka

KILA mwaka ifikapo Machi 24, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo iliteuliwa kwa kuwa ndiyo siku ambayo daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza jijini Berlin mwaka wa 1882 kwamba amekitambua kiini kinachosababisha maradhi hayo.

Enzi hizo, madaktari wengi waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Koch alithibitisha kuwa huambukizwa, na kwamba kiini chake kinaweza kuonekana katika makohozi ya mgonjwa.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kufuzu mwaka wa 1866. Mnamo 1872 aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya mjini Wöllstein, ambao siku hizi uko nchini Poland na huitwa Wolsztyn.

Huko, mifugo ya wakulima ilikuwa ikiangamizwa na kimeta. Kwa hadubini na maabara aliyojitengenezea nyumbani, Koch alichukua damu ya mifugo iliyokufa na kuwaambukiza panya. Mwaka wa 1876 alithibitisha kiini cha ugonjwa huo, na kueleza kwamba mbegu zake hustahimili mchangani kwa muda mrefu. Ndiyo maana malisho yale yale yaliendelea kuua.

Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa utaratibu mkali wa ushahidi. Kiini sharti kipatikane kwa mgonjwa, kitengwe na kuoteshwa peke yake, kisha kikipandikizwa kwa mnyama mwenye afya kimletee ugonjwa ule ule. Ni kwa njia hiyo alikinasa kiini cha kifua kikuu. Mwaka wa 1883 alisafiri hadi Misri, kisha Calcutta nchini India, alikokitambua kile cha kipindupindu.

Hata hivyo, uangalifu huo ulimponyoka alipogeukia tiba. Mwaka wa 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin wakiwa na matumaini makubwa. Wengi hawakupona, baadhi walizidiwa na wengine wakafariki. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa dawa hiyo ilikuwa majimaji yaliyotolewa katika viini vyenyewe.

Sifa zake hazikuzimika, na mwaka wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwaka wa 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Afrika Mashariki kuchunguza ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Alianzia Amani, karibu na Tanga, kisha akaelekea visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, nchini Uganda, ambako maradhi hayo yalikuwa yameua watu wengi mno.

Koch aliwadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu, lakini viini vikarejea damuni. Badala ya kusita, aliongeza kipimo. Wagonjwa 22 walipofuka macho na hawakuona tena. Isitoshe, alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, na kambi hizo zilipojengwa katika koloni ya Wajerumani, wengi walizitoroka.

Koch alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden. Tuberkulini, iliyoshindwa kuponya, baadaye ilipata kazi iliyoifaa: kudungwa kidogo ndani ya ngozi ili kupima iwapo mtu ameambukizwa.

Nayo streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kiini cha kifua kikuu mwilini mwa binadamu, iligunduliwa mwaka wa 1943. Ilikuwa miaka 61 tangu Koch akionyeshe kiini hicho kwa wenzake Berlin.