Paul Ehrlich na Risasi ya Ajabu

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji wa Strehlen, ambao wakati ule ulikuwa wa Prussia na leo umo Poland. Alipokuwa akisomea udaktari alivutwa sana na rangi za viwandani. Alizitia katika vipande vidogo vya mwili, akavitazama kwa hadubini, akaona ajabu: rangi moja ilishika seli za namna fulani, ikaziacha nyingine vile vile. Kwa kazi hiyo ya rangi alipata shahada yake mwaka 1878.

Mwaka 1882 aliwadunga wanyama rangi iitwayo floresini, ambayo ikimulikwa hung'aa kijani, akaiona ikitokea ndani ya jicho la mnyama aliye hai. Basi akawaza: ikiwa rangi yaweza kuchagua seli, kwa nini dawa isichague ugonjwa? Alitaka dawa iliyo kama risasi ya ajabu, impige adui peke yake na kumwacha mgonjwa salama.

Njia haikuwa nyepesi. Yeye mwenyewe alishikwa na kifua kikuu, akaenda Misri kupumzika mwaka 1888. Aliporudi aliendelea na kazi, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov kwa uchunguzi wao juu ya kinga ya mwili.

Habari zake zinafika hata kwetu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mkuu wake wa zamani, alitibu malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, kwa dawa ya atoksili. Vijidudu vilikufa, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Risasi ilimpiga adui na mwenye nyumba pamoja. Huko Frankfurt, Ehrlich na wenzake walikuwa wakitengeneza dawa za namna hiyo, moja baada ya moja, mamia kwa mamia. Mwaka 1909 Sahachiro Hata, Mjapani, aliijaribu tena dawa namba 606, akaona inaponya kaswende ya sungura. Mwaka 1910 ilianza kuuzwa kwa jina la Salvarsan.

Ehrlich alichunguza pia saratani ya panya, lakini dawa yake hakuipata. Alifariki tarehe 20 Agosti, 1915.

Shabaha hiyo bado inatafutwa. Dawa nyingi za saratani hupiga kila seli inayogawanyika upesi, hata za nywele. Likizo iliyopita nilimkuta shangazi yangu amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu hiyo. Leo wataalamu hutengeneza chembe za kupimwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani hutia dawa. Juu hubandika kitu cha kushikana na seli za saratani. Tena huongeza rangi ing'aayo, ili ionekane chembe zimefika wapi. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliopitia majaribio ya wanyama ya miaka kumi, ulionyesha kwamba kwa kawaida chembe zinazofika kwenye uvimbe hazitimii hata 1 katika 100.

Kwa hiyo, wenzangu, kazi aliyoianza Ehrlich haijakwisha, na wa kuimaliza huenda wamo katika maabara yetu. Jaribio likiharibika, tuoshe vyombo na kuanza tena. Bandu bandu huisha gogo.