McMillan: Mlowezi wa Juja aliyetunga sheria enzi ya kipande

Msafiri atokaye Ruiru kuelekea Thika hupita Juja, mji unaojulikana leo kwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Juja lilikuwa pia jina la shamba la bwanyenye Mmarekani, Sir William Northrup McMillan, aliyeketi katika Baraza la Kutunga Sheria enzi ambapo Mwafrika hakuwa na kura wala kiti humo.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika familia tajiri mjini St. Louis. Mwaka 1903 alifadhili safari ya mashua katika mto Nile ya Buluu, ambayo iliambulia patupu vyombo vilipovunjika. Muda mfupi baadaye alifika Afrika Mashariki na kumiliki ardhi kubwa karibu na mto Athi. Mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani na kuja kuwinda.

Alikuwa pande la mtu. Hata hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kilichopigana na Wajerumani Afrika Mashariki, akafikia cheo cha kapteni. Kikosi hicho kilitokana na Legion of Frontiersmen, chama kilichoasisiwa na Roger Pocock, aliyewahi kuwa polisi wa wapanda farasi nchini Kanada. Kwa mchango wake vitani, McMillan alitunukiwa hadhi ya Sir.

Mwaka 1920 walowezi walipopiga kura kwa mara ya kwanza, alichaguliwa kuwakilisha Ukamba. Hiyo ndiyo miaka ambayo wanaume Waafrika walianza kuning'iniza kipande shingoni, na asiyekuwa nacho alikabiliwa na polisi. Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi waliufyatulia risasi na, kwa hesabu ya serikali, watu 21 wakafa. Waliofiwa hawakuwa na mjumbe wa rangi yao barazani. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944.

McMillan alifariki Machi 1925 mjini Nice, Ufaransa. Alikuwa ametaka azikwe kileleni mwa Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wenyeji huuita Kilimambogo na ambao huonekana kutoka Thika. Inasimuliwa kuwa trekta lililobeba jeneza lilishindwa kupanda, mazishi yakafanyika chini ya kilele. Mkewe, Lady Lucie, aliyefariki mwaka 1957, amelazwa papo hapo.

Ni Lady Lucie aliyemjengea mumewe ukumbusho mkubwa zaidi, Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi milango yake ilikuwa wazi kwa Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kupangusa vumbi la vitabu, lakini si kuvisoma. Hali ilibadilika baada ya Baraza la Jiji kuichukua mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sheria zilizomlinda McMillan zimefutwa. Kaburi lake limo ndani ya mbuga ya taifa tangu 1967, na katika maktaba yenye jina lake, mjukuu wa mvaa kipande huketi na kusoma bila kuulizwa rangi yake.